Moto wa Taa za Breki: Kutoka Kwenye Pedali Hadi Nyuma ya Gari

Dereva anayetoka Shinyanga mjini kwenda Tinde, akifika Didia hukanyaga breki mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Kuna kibao cha 50, kuna ng'ombe wanaovushwa jioni, kuna baiskeli zenye magunia ya mkaa, kuna abiria kando ya lami ananyoosha mkono, na siku nyingine kuna askari na tochi yake ya kupima mwendo. Vyote hivyo dereva anaviona. Asichokiona ni kama taa zake nyekundu za nyuma zimewaka alipokanyaga.

Anayezihitaji taa hizo ni aliye nyuma yake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva wa nyuma akichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba wa mbele anapunguza, kisha ahamishe mguu, ameshatembea mita 33 kabla breki zake hazijaanza kushika. Taa ya breki ikiwaka, sekunde hizo zinaanza kuhesabiwa mapema. Isipowaka, zinaanza pale anapoona nafasi imekuwa ndogo, na usiku jicho la mtu halipimi umbali vizuri.

Barabara yenyewe ina vyombo vya kila aina. Tinde ndipo njia inayotoka Nzega inapogawanyika: moja inapita Didia kwenda Shinyanga na Mwanza, nyingine inakwenda Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria, wa Probox unafuatana na Scania ya mzigo wa Rwanda, Fuso ya mpunga inafuatana na bodaboda, na wakati wa kilimo trekta nalo limo. Ajali ya usiku ya Mwakata, kwenye njia hiyo ya Kahama, Agosti 2022, iliyoua watu zaidi ya kumi, ilihusisha Hiace, gari dogo, lori na trekta kwa pamoja. Mahali penye mwendo tofauti namna hiyo, taarifa kutoka kwa gari la mbele haina mbadala. Marekani ilipolazimisha taa ya tatu ya breki, ile ya juu katikati, kwenye magari madogo mapya ya mwaka 1986, tathmini ya miaka mingi ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikuta kwamba taa hiyo moja imepunguza ajali za kugongwa kwa nyuma kwa asilimia 4.3. Hiyo ni nyongeza tu juu ya taa mbili zilizokuwapo tayari.

Saketi yake ni fupi kueleza. Moto unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki na kusubiri hapo. Mguu ukikanyaga, swichi inaunganisha njia. Moto unakwenda kwa waya mmoja hadi nyuma ya gari, unagawanyika kwenda taa ya kushoto, ya kulia na ya juu, unapita kwenye uzi wa kila balbu, kisha unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa kuwa hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Njia hii ikikatika popote, hata kwenye sehemu ya kurudi, taa haiwaki.

Kwenye Toyota nyingi zinazotembea ukanda huu, swichi inapata moto moja kwa moja bila kupitia ufunguo. Ndiyo maana taa za breki huwaka hata gari likiwa limezimwa. Anayetafuta tatizo anaweza kufanya kazi yote injini ikiwa imepumzika.

Hesabu yake nayo si ngumu. Balbu ya kawaida ya breki ni wati 21. Gawanya kwa voti 12, unapata ampea 1.75. Balbu tatu za namna hiyo zinakula ampea 5.25, ndiyo sababu fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15, mara nyingi imeandikwa STOP kwenye kifuniko cha kisanduku. Hesabu hiyohiyo inaonyesha hasara ya taa za breki zinazobaki zikiwaka usiku kucha: betri ya ampea-saa 45, hata ikiwa mpya na imejaa, haifiki asubuhi kwa saa tisa za mzigo huo.

Swichi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa zaidi na ndiyo madereva wengi hawajawahi kuiona. Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, mulika kwa tochi ya simu juu ya mkono wa pedali ya breki. Utaona kidude cha plastiki chenye plagi ya nyaya mbili au nne nyuma yake, na mbele yake kijiti kifupi kilichobonyezwa na mkono wa pedali. Kinyume na wanavyofikiri wengi, mguu ukikanyaga swichi haibonyezwi bali inaachiwa. Pedali ikiwa juu inakikandamiza kijiti na kukata moto. Pedali ikishuka, kijiti kinachomoka na moto unapita.

Pale kijiti kinapogusa pedali, kwenye magari mengi ya Kijapani kuna kipande kidogo cha mpira au plastiki, kidogo kuliko kifungo cha shati, kilichopachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Kikizeeka kinapasuka na kuanguka vipandevipande kwenye zulia. Kijiti kinaingia kwenye tundu lililobaki wazi, swichi inadhani breki imekanyagwa, na taa zinawaka mchana na usiku. Mwenye gari anaamka betri imekufa, anaanza kumlaumu aliyemuuzia betri. Kabla ya kununua betri nyingine, apapase zulia chini ya pedali kutafuta mabaki ya plastiki, kisha ainue pedali kwa mkono aone kama taa zinazimika. Wapo wanaoziba tundu hilo kwa bolti na nati. Inafaa kumfikisha mtu nyumbani, lakini nati ikilegea tatizo linarudi bila taarifa. Kipande chenyewe kipo madukani na kinapachikwa kwa vidole.

Gari la otomatiki hutoa taarifa nyingine ya bure. Gari hizi hazikubali gia itoke P mpaka zipate moto wa swichi ya breki. Kwa hiyo Noah au IST ikiwaka vizuri lakini gia ikagoma kutoka P, usikimbilie kufungua gia boksi. Mwombe mtu asimame nyuma, ukanyage breki. Kama taa zote tatu haziwaki, tatizo ni fyuzi au swichi. Gari za kuwasha kwa kitufe nazo hukataa kuwaka kwa sababu hiyohiyo.

Hapo ndipo kazi ya kutafuta inapoanzia: kwenye namna taa zinavyokosea, kabla ya kugusa bisibisi. Taa moja ikifa na nyingine zikawaka, fyuzi na swichi ni nzima, achana nazo. Nenda kwenye balbu, soketi na hasi ya upande ule. Zikifa zote, anza mbele. Zikibaki zinawaka, tazama pedali. Na zikifanya vituko, mfano unakanyaga breki na indiketa inawaka kwa uhafifu, au taa ya usiku inazimika upande mmoja, tafuta hasi mbovu. Fundi anayebadilisha swichi wakati taa ya juu inawaka vizuri anampotezea mteja hela.

Kifaa cha kutosha ni testa, ile yenye ncha ya chuma, taa ndogo ndani na waya wenye klipu. Bana klipu kwenye chuma kisicho na rangi, kisha hakikisha testa yenyewe ni nzima kwa kugusa chanya ya betri. Watu wengi hupoteza nusu saa na testa iliyoungua.

Nenda kwenye swichi, plagi ikiwa mahali pake. Gusa kwa nyuma ya plagi: waya mmoja lazima uwe na moto muda wote. Usipokuwa nao, rudi kwenye fyuzi. Ukiwa nao, gusa waya wa pili huku mwenzako anakanyaga breki. Moto ukitokea, swichi imefanya kazi yake na tatizo liko nyuma. Usipotokea, umeipata swichi mbovu. Swichi za nyaya nne zina kazi nyingine za kompyuta ya gari, hivyo jozi ya taa za breki ni ile ambayo upande wake mmoja una moto hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kama huna mwenzako, kipande cha mti kati ya kiti na pedali kinatosha kushikilia breki. Usiku unaweza hata kurudisha gari karibu na ukuta mweupe na kutazama wekundu kwenye kioo, au kuiacha simu nyuma ikirekodi video.

Sasa balbu. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 kwa ajili ya taa ya usiku na wa wati 21 kwa ajili ya breki. Hapa ndipo madereva wanapodanganyika. Usiku gari lina wekundu nyuma pande zote mbili, kila mtu anaridhika, kumbe uzi wa breki ulishakatika zamani. Aliye nyuma anaona taa isiyobadilika, akikanyagiwa breki haoni tofauti yoyote. Itoe balbu kwa kuibonyeza na kuizungusha, iinue kwenye mwanga. Uzi uliokatika huonekana, na kioo chenye weusi au ukungu wa fedha ndani ni dalili kwamba balbu imekwisha hata kama inawaka bado. Ukiirudisha, angalia vijino vyake viwili ubavuni: vimepishana kimo, kimoja juu kingine chini, ili isiingie kinyumenyume. Ikigoma, igeuze, usiilazimishe. Kuna watu wamelazimisha, na sasa wakiwasha taa za usiku wanatembea na mwanga wa breki, kisha wakikanyaga breki tofauti karibu haionekani.

Kabla ya kulipa dukani, soma maandishi kwenye kitako cha balbu. Maduka ya barabara hii yanahudumia Probox ya voti 12 na Fuso ya voti 24 kwenye meza moja, na balbu zao zinafanana kabisa kwa macho. Ya 24 ukiiweka kwenye gari dogo inawaka kama imechoka, na fundi asiyesoma ataanza kufumua nyaya. Ya 12 ukiiweka kwenye lori inaungua papo hapo.

Ugonjwa mkubwa wa ukanda huu, hata hivyo, ni vumbi na mtikisiko. Gari linalopanda kutoka Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola, au linaloingia kwenye machimbo madogo kufuata makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, linatikiswa mchana kutwa. Uzi wa balbu ukiwa na joto ni laini, hivyo unakatika. Vumbi linaingia kwenye soketi, mvua za Novemba zinalifanya tope, na tope linazaa kutu ya kijani kwenye shaba. Kutu hiyo si lazima ikate moto kabisa; mara nyingi inaupunguza tu. Voti zikishuka kutoka 12 hadi 10.5 kwenye soketi, balbu ya uzi inapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake. Taa inawaka, dereva anaambiwa inawaka, lakini mchana wa jua la Shinyanga hakuna anayeiona.

Dawa yake ni msasa mwembamba na uvumilivu. Sugua vichwa vya soketi mpaka shaba ing'ae. Kisha fuata waya wa hasi kutoka kwenye taa hadi pale ulipofungwa kwenye bodi kwa bolti. Fungua, kwangua rangi na kutu, funga kwa nguvu, paka grisi kidogo juu yake. Kuhakikisha, bana klipu ya testa kwenye chanya safari hii, gusa sehemu ya hasi ndani ya soketi: testa iwake kwa nguvu ileile inayowaka ukigusa hasi ya betri. Mwenye mita apime voti taa ikiwa inawaka, kwenye soketi na kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu voti, bado kuna kutu au waya uliobaki nyuzi chache.

Probox, Noah na gari zote zenye mlango wa nyuma unaoinuka zina mahali pao pa kukatika: ndani ya bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Nyaya hizo zinajikunja kila mlango unapofunguliwa, na mchomoko wa abiria hufungua mlango huo kutwa. Taa ya juu ikifa huku za chini ni nzima, vuta mpira huo uchungulie kabla ya kununua chochote.

Kuhusu fyuzi, hapa mwandishi wa mwongozo huu haoni nafasi ya mjadala. Fyuzi iliyokatika imekatika kwa sababu. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 10, au kuzungusha kipande cha waya, kunahamisha joto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizopita chini ya zulia na viti, na gari nyingi za huku hubeba madumu ya petroli ya pampu na jenereta za machimboni. Tafuta shoti. Fyuzi mpya ikikatika mara tu unapoipachika, shoti iko kati ya fyuzi na swichi. Ikikatika pale tu unapokanyaga breki, shoti iko baada ya swichi, na mara nyingi ni kwenye bomba la mpira la mlango, kwenye soketi iliyojaa tope, au pale fundi wa redio alipopitisha skrubu juu ya nyaya. Chomoa matawi moja moja, kanyaga, tazama. Tawi likichomolewa na fyuzi ikasalimika, umeshalipata.

Balbu za LED zina sifa moja isiyo na ubishi: zinawaka karibu papo hapo, wakati uzi wa balbu ya kawaida unahitaji kama sekunde 0.2 kupata joto. Kwa kilomita 80 kwa saa hiyo ni karibu mita nne na nusu za kusimamia. Lakini nyingi za bei rahisi hazitofautishi mwanga wa usiku na wa breki, na zile zinazomwekamweka zinamchanganya dereva wa nyuma. Zijaribu mchana, kwa umbali wa hatua thelathini. Kama mtu hawezi kusema lini umekanyaga, zirudishe dukani.

Kwenye malori ya breki za upepo, swichi haitafutwi kwenye pedali peke yake; kwa kawaida ni swichi ya presha iliyofungwa kwenye njia ya upepo, na upepo usipojaa kwenye tangi taa haziwaki. Trela hupata moto wake kupitia plagi ya pini saba, na kwenye plagi ya kawaida ya voti 24 pini namba 4 ndiyo ya breki. Ikishika kutu, trela zima linakuwa bubu ingawa kichwa ni kizima. Jambo jingine la kulijua anayefuata lori: breki ya egzosi hupunguza mwendo bila mguu kugusa pedali, na kwenye malori mengi ya zamani haiwashi taa yoyote nyuma. Pikipiki ina swichi mbili, ya mkono na ya mguu, na ya mguu huvutwa na springi ndogo ambayo ikilegea taa inachelewa. Ikaze kwa nati yake.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inamtaka mwenye chombo akiweke katika hali salama, na kosa linaweza kumgharimu faini kando ya barabara. Stika ya wiki ya Nenda kwa Usalama inaonyesha gari lilikuwaje siku ya ukaguzi; haisemi chochote kuhusu balbu iliyoungua jana. Kwenye migodi mikubwa ukaguzi wa gari kabla ya kila zamu ni desturi, na taa ni sehemu yake. Mchomoko unaobeba abiria unahitaji desturi hiyo zaidi kuliko gari la mgodi.

Basi weka kwenye droo ya gari balbu mbili za nyuzi mbili, fyuzi mbili za kipimo sahihi na testa. Kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, mwombe konda, kijana wa kituo cha mafuta au mpita njia akutazamie nyuma mara moja. Na ukilifuata gari ambalo taa yake ya breki imekufa, usiishie kulipita kwa honi. Likisimama Didia au Tinde, mwendee dereva, mwambie ni taa ipi: ya kushoto, ya kulia, au ya juu.